Limetoka Kondeni

Benchi la nje ya ofisi lilikuwa na msumari uliochomoza, na Mwatima ndiye aliyekaa upande wa msumari, kwa sababu upande mwengine alikaa askari. Njaa ilikwishapita pale pa kuuma. Sasa ilimtia baridi. Duka la ushirika kule kwao Makunduchi lilikuwa likifunguliwa asubuhi, likionesha rafu tupu, likifungwa tena. Ndiyo maana alikuja mjini na jiwe.

Halikuzidi kokwa la embe, lakini aliyelinyanyua mara ya kwanza mkono wake ulishuka kwa uzito. Jeupe, la kumetameta kama bati jipya. Marehemu mumewe alikuwa mtia makaa melini, naye alipewa na mchimba migodi mmoja huko Durban, aliyemwambia kuwa ndani yake mna kitu kinachoishinda dhahabu kwa thamani. Mwatima aliliweka juu ya kifuniko cha mtungi, paka wasikifunue. Miaka yote halikushika kutu wala weusi.

Alikuwa amempelekea Majid, sonara wa Mkunazini, ampe unga kwa jiwe lile, unga wowote. Majid alilitazama jiwe, akamtazama mwanamke wa shamba aliyetokea peke yake na kitu cha thamani, akafahamu jambo moja tu: ametegwa. Masonara wenzake walikwishachukuliwa na askari kwa mitego kama hiyo. Akamwambia, "Kaa, Bi Mwatima, nikuagizie chai," kisha akatoka mbio kwenda kumripoti, kabla yeye hajaripotiwa.

"Ingia wewe!" sauti ilimwita kutoka ndani ya ofisi.

Nyuma ya meza alikaa Machano, afisa wa kuzuia magendo. Mwatima alikuwa na watoto waliomzidi umri kijana huyu.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba." Aliitika bila ya kuinua kichwa. "Sonara, sema."

Majid alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi. "Mheshimiwa, tindikali haikulila. Nimelikwaruzia kioo, likakata kioo. Nimetia chembe motoni; imetoa moshi mweupe unanuka kitunguu thomu, ikaacha vitone vyeupe juu yake kama jasho. Fedha haifanyi hivyo. Mie nadhani ni jiwe la platini."

"Ghali?"

"Dhahabu haioni ndani."

Machano akalipima jiwe kiganjani, akatabasamu nalo. "Limetoka wapi?"

"Durban," alisema Mwatima. "Marehemu mume wangu…"

"Durban kwa makaburu?"

"Alikuwa akitia makaa tu, bwana. Hakuwa mfanyabiashara."

"Magendo, tena na kaburu." Machano alilishusha jiwe mezani taratibu. "Mtu wa namna hiyo tunamweka pahala asipoliona hata jua. Nyumbani umemuacha nani?"

"Wajukuu. Mama yao kafa."

"Haya basi, fikiri vyema. Watu wazima husahau. Pengine si Durban. Pengine uliliokota kondeni kwako. Mali ya wananchi ndani ya ardhi ya wananchi: hapo hapana kosa. Hapo pana sifa." Akamgeukia Majid. "Au vipi, sonara? Jiwe kama hili haliwezi kutoka Makunduchi?"

Majid alijua, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuchimba choo Unguja, kwamba chini ya Makunduchi kuna matumbawe, na chini ya matumbawe kuna matumbawe, kisha maji ya chumvi. Alikwishamsikia pia marehemu baba yake akisema kuwa mawe haya huzaliwa chini kabisa, ndani ya miamba myeusi ya bara.

"Laweza, mheshimiwa," alisema. "Mungu hashindwi."

Mwatima alimtazama mpaka sonara akainamia kofia yake.

"Kondeni," akasema. "Nlilikuta kondeni."

Konde la maweni si konde la watu wa mashamba. Udongo hukaa kwenye vishimo baina ya mawe, na kila kishimo Mwatima alikijaza mwenyewe, jivu na mavi ya mbuzi, pakacha baada ya pakacha. Humo mlikuwa na mihogo michanga. Hicho ndicho chakula walichobakiwa nacho yeye na wajukuu.

Kesho yake lori lilikuja na watu wa Jang'ombe, mjini, kazi za kujitolea, mitaimbo mabegani.

"Tuoneshe," alisema Machano.

Akawaonesha pembe ya mawe matupu, pasipoota kitu. Wakapiga mpaka mtaimbo ukapinda. Matumbawe.

"Umesahau tena, Bi Mwatima?"

Akaonesha kishimo kibovu kuliko vyote. Kisha kilichofuatia kwa ubovu. Alivitoa vishimo vyake kimoja kimoja, kama mama anayeombwa achague mtoto, mpaka vibovu vikamalizika. Hapo akashika mkono wa shati la kijana yule.

"Mwanangu, nlisema uongo. Wallahi limetoka Durban."

Machano alicheka, akautoa mkono wake. "Jana kondeni, leo Durban. Ushaona tunakaribia, sasa unaficha mali ya taifa!" Akawageukia wachimbaji. "Pote! Msiache kishimo."

Lori la pili lilifika adhuhuri. Hakuna lori lililoleta chakula. Alasiri, watu walipolegea kwa njaa, wakakusanya mihogo iliyotupwa juu ya mawe, wakakoka moto wa makuti. Mwatima alisimama pembeni, vumbi jeupe la matumbawe limemjaa mpaka nyusi, hana tafauti na mchimbaji yeyote.

Mwanamke mmoja wa lori la pili, mikono imemchubuka, akamuona. Akachomoa muhogo motoni, mwembamba kama kidole, akaupulizia jivu.

"Njoo, mwenzangu, nawe utie kitu tumboni. Mchanga huu, haujakomaa, lakini utafanyaje?" Akamnyooshea. "Sijui mihogo hii ya nani. Mungu amjaze kheri."

Mwatima akaupokea kwa mikono miwili, kama mgeni.

"Ahsante," akasema.