Marinda ya Sorley

Jumatano asubuhi Peigi Matheson alitandaza yadi nane za tartani, kitambaa cha sufu cha miraba, juu ya meza yake ya kushonea, akazikodolea macho, na asijue aanzie wapi. Yeye! Fundi wa kilti, sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa kwao, kwa miaka thelathini na minne, ambaye nusu ya wanaume wa Ullapool walioa wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Mwanawe Sorley alikuwa amelazwa kwa Bwana Tulloch, mwenye majeneza. Jumapili jioni, akija nyumbani, gari lake lilikutana na kulungu dume kwenye kona za Garve. Kulungu aliondoka pale kwa miguu yake mwenyewe. Ijumaa saa nane mchana jeneza lingeletwa nyumbani, Jumamosi kaburini. Na Sorley, mtoto wa fundi wa kilti, kijana wa miaka ishirini na sita, hakuwa na kilti.

Kisa chake ni cha aibu, na Peigi mwenyewe asingependa kisimuliwe. Kilti mbele ni bapa. Ufundi wote uko nyuma, kwenye marinda. Kuna kupanga kwa mchoro, kila rinda likunjwe pale miraba inapokutana tena, hata mgongo wa mtu ufanane na tumbo lake. Na kuna kupanga kwa mstari, kila rinda libebe mstari ule ule katikati, nyuma iwe ya rangi moja kutoka nyonga hadi nyonga, na mwenyewe akitembea marinda yafunguke na rangi za ndani zichomoze. Sorley alikuwa mpiga zumari wa bendi ya mji. Alitaka mstari.

"Mstari ni wa wanajeshi," mama yake alimwambia alipotimiza miaka ishirini na moja, na kitambaa kikiwa kimeshanunuliwa. "Mimi sishoni sare. Mwanaume wa nyumba hii hata akikupa mgongo, unamjua ni wa nani."

"Mama, ni makalio yangu au yako?"

"Ni kazi ya mikono yangu!"

"Basi sivai."

Na kweli hakuvaa. Kichwa kigumu kama aliyemzaa. Kwenye bendi alivaa ya kuazima, kwenye harusi za binamu zake alivaa suruali, peke yake katika picha zote, na watu wakamcheka Peigi kwamba duka lake limekosa mteja mmoja tu. Akacheka nao. Kitambaa kikakaa kabatini miaka mitano. Miaka mitano, jamani, kwa ajili ya ubishi!

Sasa alikuwa amesalimu amri. Atampa mstari wake. Lakini mstari upi? Tartani ile ilikuwa na mstari wa njano na mstari mweupe, yote miwili myembamba, yote miwili ya kufaa. Sorley lazima aliutaja. Aliutaja mara ngapi! Na kila alipofungua mdomo mama yake alimkatiza kabla hajafika kwenye rangi. Peigi alikaa na chaki mkononi akijaribu kuisikia sauti ya mwanawe ikisema njano au nyeupe, na alichosikia ni sauti yake mwenyewe tu, ikifoka. Akajiona mama wa hovyo kuliko wote waliopata kuzaa.

Simu ikalia. Alikuwa Bwana Tulloch, mtu mpole wa maneno machache.

"Peigi, pole tena. Nasikia unamshonea. Sikia, dada, muda ni mdogo. Kwenye jeneza inaonekana mbele tu. Shona ile ya mbele, nyuma tutamkunjia kitambaa kitupu, atakilalia. Wengi tumewafanyia hivyo na hakuna aliyejua."

"Tulloch, ukinitajia hilo mara ya pili nitakuja huko na pasi, nikupige nayo."

"Sawa, sawa. Nilikuwa nasaidia tu."

Lakini hesabu yake ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Kilti ya mkono ni siku nne za fundi asiye na msiba. Na Novemba kule jua linachomoza karibu saa tatu, saa kumi limeshazama, na tartani haipangwi kwa taa, kwa maana kijani iliyokoza na bluu iliyokoza hugeuka kitu kimoja na mstari unakuhama bila kujua. Kila dakika aliyokaa akiwaza ilikuwa dakika iliyoibwa.

Mumewe Farquhar akaingia na buti zenye tope. Alikuwa ametoka makaburini kuonyesha mahali pa kuchimba.

"Njano au nyeupe?" Peigi akamrukia.

"Nini?"

"Mstari, Farquhar! Sorley alitaka upi? Wewe ndiye alikuwa anakupigia simu. Mimi alikuwa ananisalimia tu!"

Farquhar akamtazama. Nywele hazijachanwa, chai ya tangu alfajiri imeganda utando.

"Nyeupe," akasema.

"Una hakika?"

"Nyeupe. Haya, kula basi hata kipande cha mkate."

Hakula. Alipima, akatia chaki, akakunja, akapiga bandi ya kushikiza. Marinda ishirini na saba. Mstari mweupe katikati ya kila moja, usipande, usishuke, usikose hata kwa upana wa uzi. Vidole vilimvuja damu, akavifunga kitambaa asije akachafua kazi, akaendelea. Taa ilipowashwa aliweka sindano chini na kukaa ameshikilia ile kazi mapajani kama mtu anayelea. Kulipopambazuka Alhamisi akaishika tena, na kufika adhuhuri marinda yote yalikuwa yameshonwa kiunoni, imara.

Ikabaki mkasi. Ndani ya marinda, juu kwenye kiuno, kuna kitambaa cha ziada ambacho fundi hukikata, la sivyo kilti inamkaa mtu kama amejifunga mto. Kabla ya mkasi unaweza kufumua kila kitu na kuanza upya. Baada ya mkasi, basi tena. Kitambaa kingine hakikuwepo, maana mfumaji wake alishafunga kazi na kuuza mitambo. Peigi alipumua, akasema "nyeupe" kwa sauti, akakata. Vipande vikaanguka sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili kifua chake kikapata nafasi kidogo.

Saa saba Rhona akafika kutoka Inverness, mchumba wa Sorley, mpiga ngoma wa bendi ile ile. Alikuwa amebeba soksi, viatu na shati lililopigwa pasi. Akamkumbatia Peigi, wakalia, wakaacha. Kisha macho ya Rhona yakaangukia mezani.

"Mama. Umepanga kwa mstari?"

"Nimempa, mwanangu. Nimempa alichotaka. Nimechelewa, lakini nimempa."

Rhona alilishika rinda moja kwa vidole viwili, akaliachia.

"Nini? Ni njano? Alitaka njano? Sema!"

"Hapana, Mama. Si rangi. Jumapili alikuwa anakuja kukuambia ushone kwa mchoro. Kwa ajili ya harusi yetu. Aliniambia, 'Acha bibi kizee ashinde, mimi nimechoka kuazima. Nataka ya kwake, vile anavyoipenda yeye.' Alikuwa anacheka. Alisema utaanguka chini kwa mshtuko."

Peigi hakuanguka. Alimgeukia mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni na birika.

"Uliniambia nyeupe."

"Uliniuliza rangi, nikakupa rangi," Farquhar akasema, na machozi yakaanza kumtiririka usoni bila hata kuyafuta. "Hukuwa umelala siku tatu. Ungeniuliza bluu ningekuambia bluu. Sikujua, Peigi. Hata mimi hakuniambia."

Basi ndipo akapiga ukelele, ukelele ambao jirani wa ng'ambo ya barabara aliusikia akaacha kufagia. Alivamia sakafu, akaokota vile vipande, akavipachika kwenye kiuno cha kilti kimoja baada ya kingine, kama vile vingeshika, kama vile mkasi ungekubali kuombwa msamaha. Alipokuwa mbishi alimkosea. Sasa amenyenyekea, amemkosea vile vile! Rhona alipiga magoti akamfumbua vidole pole pole.

"Mama, umebakiwa na nini?"

"Bitana. Mikanda. Pasi ya mwisho."

"Nipe sindano nikutungie uzi."

Wakashona. Nini kingine wangefanya?

Ijumaa saa nane Bwana Tulloch alileta jeneza likawekwa sebuleni. Peigi alimvalisha mwanawe mwenyewe, na Farquhar akamwinua ili marinda yalale sawa chini yake, moja moja, yasijikunje. Kisha majirani wakaanza kuingia kwa zamu, kofia mikononi, na kila mmoja akainama na kusema lile lile: Sorley kapendeza. Hatimaye kilti ya mama yake. Hongera kwa kazi, Peigi, na pole.

Peigi alisimama kichwani pa jeneza akaangalia walichokuwa wanaangalia. Mbele ilikuwa bapa, miraba yake ya kijani na bluu imetulia, kama ambavyo ingekuwa kwa mchoro, kama ambavyo ingekuwa kwa mstari. Hakuna jicho pale lililoweza kutofautisha. Alijaribu kutofautisha kwa jicho lake mwenyewe, akashindwa. Kwa kitu hiki kijana wake alivaa suruali kwenye harusi tano.

Alisubiri mgeni wa mwisho atoke. Bwana Tulloch akachukua kifuniko.

"Subiri," Peigi akasema. "Mgeuzeni."

"Peigi, dada..."

"Mgeuzeni kidogo. Hakuna aliyemwona nyuma. Hata mmoja hajamwona!"

Tulloch alimtazama Farquhar, akitegemea aingilie kati, amshike mkewe, ampeleke jikoni. Farquhar akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akaingiza mikono chini ya bega la mwanawe.

"Shika nyonga, Tulloch," akasema. "Taratibu. Asiumie."