Plagi ya Akiba

Niliiba plagi ya mke wangu Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, na nitasema ukweli: wakati huo sikujiona mwizi. Nilijiona mtu mwenye akili.

Plagi yenyewe, ile ya kuwashia injini ya pikipiki, ilikuwa mpya, imefungwa ndani ya soksi kuukuu, na soksi ilikaa kwenye mkoba mdogo wa ngozi nyuma ya kiti cha pikipiki. Nerima hatoki nyumbani bila plagi ya akiba. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mtu wa AI kule Mau Narok, yaani alipeleka mbegu za fahali kwa ng'ombe wa watu, akizunguka mashamba ya ngano na viazi kwa Yamaha ya serikali ya mwaka wa themanini na nne. Wenzake walipostaafu walirudi nyumbani na saa za ukutani. Mke wangu aliinunua ile pikipiki kwenye mnada, akaileta kwetu Kiamunyi, Nakuru, na kuilaza sebuleni mpaka nilipoijengea kibanda.

Mimi nilifanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kufuma blanketi, na hizo zina sifa moja nzuri: hazitoki mahali zilipo. Pikipiki sizipendi. Mwaka jana, kwenye mashindano ya pikipiki za zamani kule Ndabibi, Nerima alianguka akavunjika mfupa wa bega. Kwa wiki sita nilimvalisha sweta na kumkatia sukuma wiki, vipande vinene kama majani ya kulisha mbuzi, naye akinicheka. Nilicheka pia, lakini niliogopa. Nina miaka sitini na sita na sijui nitaishi vipi bila yule mwanamke. Yote yaliyofuata yalitokana na woga huo.

Kisha akatokea mtu wa hoteli fulani ya Naivasha, akataka kuinunua ile Yamaha aitundike kwenye ukuta wa baa yake kama pambo. Nilimpenda mtu huyo papo hapo. Nerima alikataa. Tukabishana siku tatu, mpaka binti yetu Shantel akachoka kutusikiliza, akatupatanisha: pikipiki ikimaliza mashindano ya mwaka huu, nisiizungumzie tena mpaka mmoja wetu azikwe. Isipomaliza, iende ukutani. Tukapeana mikono.

Sheria za mashindano si nyingi. Ni mizunguko mitatu. Mshindi akishafika, waliobaki wana dakika kumi, na atakayechelewa anaandikwa kwamba hakumaliza. Na hakuna anayeruhusiwa kugusa pikipiki isipokuwa mwenyewe.

Sasa, injini ile ina tabia moja ambayo nimeisikia ikilalamikiwa miaka na miaka. Ikiunguruma, haina shida. Ukiizima ikiwa moto, plagi inalowa oili, na haiwaki tena mpaka uweke nyingine. Kwa hiyo nilifikiri hivi: itamzimikia mahali fulani kwenye kona, atafungua soksi, atakuta hamna kitu, atarudi akiisukuma. Hakuna mtu aliyewahi kuvunjika bega akisukuma. Nikatia plagi mfukoni, nikaenda kunywa chai.

Mashindano yalifanyika kule kule Ndabibi, kwenye shamba la mzee Kibii, mfugaji mpole anayependa ng'ombe wake kuliko wageni wake. Alitoa malisho yake bure kwa sharti moja tu: ng'ombe wake wasifike barabarani. Chelimo, mwalimu kijana anayesimamia saa, alinikuta nimekaa bure akanipa kibendera cha manjano.

"Mzee, wewe simama hapo kwa geti," akasema. "Liwe wazi, riders wapite. Ukiona hatari, unapunga tu."

"Hatari gani?"

"Sijui. Ng'ombe pengine. Lakini wako huko juu, wamefungiwa."

Geti lile ndilo lililotenganisha malisho na kinjia kinachoteremka hadi barabarani. Kutoka pale hadi mstari wa mwisho ilikuwa mwendo wa dakika mbili. Nikasimama na kibendera changu, vumbi likanijaa mpaka kwenye meno. Pikipiki kumi na mbili zilipita, zote nzee, zote zikipiga kelele kuliko umri wao. Wa mwisho alikuwa Nerima, kofia nyekundu, mgongo wima kama mtu anayekwenda kliniki. Mzunguko wa kwanza, akapita. Mzunguko wa pili, akapita. Injini haikukohoa hata mara moja.

Mzunguko wa tatu nilisikia watu kule mbali wakishangilia, nikajua kijana Weldon, aliyekuwa akiongoza, amefika na dakika kumi zimeanza kuhesabiwa. Nerima alikuwa tayari anaonekana juu ya kilima. Angemaliza na muda ukabaki. Niligusa plagi mfukoni, nikaona nimeiba bure.

Hapo ndipo ng'ombe walipokuja. Kelele zilikuwa zimewatia wazimu, wakavunja waya kule juu, na sasa walikuwa wakiteremka kama ishirini hivi, mitamba wenye mimba, moja kwa moja kwenye geti langu. Nikapunga kibendera. Ng'ombe hawajui kibendera. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo, kwa maana mimi na ng'ombe tumezoeana kwenye sahani tu.

Nerima alifika kabla yao kwa hatua chache. Nafasi ilikuwepo, niliiona, na nikajisikia nikipiga kelele.

"Pita! Pita, Mama Shantel!"

Sijui ni kwa nini. Mdomo ulinitangulia. Mtu aliyeamka asubuhi kumwibia plagi mkewe asimalize, ndiye huyo sasa anamwambia amalize.

Hakupita. Alizima injini.

Miaka ishirini na saba hajawahi kumkaribia ng'ombe injini ikinguruma, na hakuanza siku hiyo. Alishuka, akafungua mikono, akawaendea polepole akipiga mbinja kwa meno na kuwasemesha. Wa mbele akasimama. Nerima akamgeuza, na wengine wakafuata. Akaisukuma pikipiki upande wa kinjia, akavuta geti, akatia mnyororo.

"Wenye mimba hawakimbizwi," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyewakimbiza.

Akapanda na kupiga kiki. Kimya. Akapiga tena, na tena. Halafu akafungua mkoba, akatoa soksi, akaingiza mkono ndani, akaipindua nje ndani. Aliiangalia muda mrefu.

Nilingoja aniangalie mimi. Nilikuwa tayari kukana. Lakini hakunishuku hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nimezeeka, Baba Shantel," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku ya bega. "Nimesahau plagi. Mimi. Labda wewe ndiye ulikuwa na haki. Iende tu ukutani."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeishika. Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba nilinyamaza, nikasimama pale kama gogo, dakika zikienda. Nilikuwa nimepata kila nilichotaka, na mke wangu alikuwa mbele yangu akijiona mzee kwa mara ya kwanza. Siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata adhuhuri.

"Hujasahau," nikasema, nikamnyoshea.

Aliangalia plagi. Akaniangalia mimi. Aliichukua, akatoa spana, akafungua ile ya zamani huku ikimchoma vidole, akaweka mpya. Kiki moja tu, moshi wa bluu ukanipanda usoni, akaenda zake.

Nilimfuata mbio, kama mbio ni neno lake. Nilipofika, Chelimo alikuwa ameshika simu yake kwa huzuni.

"Dakika kumi na moja, mathe. Na mzee Kibii ameona kila kitu, anasema mwaka ujao turudi hapa hapa juu yako. Si niandike tu umemaliza?"

"Andika vile saa imesema," Nerima akajibu. Kisha akanigeukia. "Ahadi ni deni. Mpigie mtu wako wa hoteli."

Nikampigia, mbele yake, mbele ya Chelimo na yeyote aliyetaka kusikia.

"Boss, ile pikipiki haiji."

"Kwani imemaliza?"

"Haijamaliza. Kuna mtu aliiba plagi. Tafuta kitu kingine cha ukuta."

Tulirudi Nakuru kwa pikapu ya jirani, Yamaha imelazwa nyuma, Nerima amekaa kati yangu na mlango bila kunitupia jicho. Tulikuwa karibu kufika Gilgil aliponiuliza.

"Ulitaka nianguke?"

"Nilitaka usianguke."

"Kwa hiyo unanifanya nidhani akili yangu imeisha."

"Sikujua utafikiri hivyo. Niliogopa, Nerima. Bado naogopa."

Tulipita Gilgil. Kisha akatoa soksi kwenye jaketi lake, akaiweka kwenye goti langu, akavikunja vidole vyangu juu yake kwa nguvu, si kwa upole.

"Mwaka ujao plagi utabeba wewe," akasema. "Na utasimama geti hilo hilo. Nikiitaka, nisingoje."

Jumatatu yake nilikwenda mjini nikanunua plagi mpya. Iko kwenye mfuko wa koti ninaloendea kanisani, ndani ya soksi, na kila Jumapili, watu wakifumba macho kuomba, mimi huigusa kwanza kuhakikisha ipo.