Kiti cha Utabiri Dukani kwa Venable

Purvis Fontenot wa redio alinijia wiki ya Krismasi akanikuta nimekaa jikoni sifanyi kitu. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, kama wanavyosimama wote siku hizi wakija kwangu, utadhani nyumba ina ugonjwa.

"Alcide," akasema, "nimekuja kwa ajili ya kile kiti."

"Kiti gani?"

"Usinifanyie hivyo, kaka. Kiti cha Odalie."

Odalie ni mke wangu. Tulimzika mwezi wa kumi.

Huku kwetu chuo ni kimoja tu, Sainte-Odile, na timu yake ni Kambare. Mpira wenyewe ni huu wetu wa mikono na kofia ngumu. Mwaka ukiisha vizuri, Kambare hualikwa kwenye mechi ya Bakuli la Chumvi, wacheze na chuo cha mbali ambacho hakuna anayekijua. Na kabla ya mechi lazima tumle mpinzani. Wakiwa Mamba, tunapika mamba. Wakiwa Majogoo, tunapika jogoo. Alhamisi ya kabla ya mechi redio huja dukani kwa Lester Venable, pale panapouzwa mbegu na chakula cha mifugo. Aliyeleta sufuria hukaa kwenye kiti katikati ya magunia, watu wakiwa wanakula, naye hutangaza mechi itakwishaje. Kiti hicho alikikalia Odalie tangu enzi za baba yake Lester. Hakuna siku aliyosema tutafungwa. Mara nyingi alikosea na hakuna aliyemlaumu kwa hilo.

Kambare wenyewe hawaliwi. Tangu mpira uanze hadi mechi ya mwisho, hakuna mtu wa hapa anayetia kambare mdomoni. Hata mkahawani wanamfuta ubaoni.

"Mwaka huu ni Mabata Bukini wa Halvorsen, kutoka kule kwenye barafu," Purvis akasema. "Na Whitney Landreneau anasema atapika yeye. Ameshapiga bata kule kwenye kambi yake ya uwindaji. Watu wanaona kiti kisikae wazi."

Jina hilo nililisikia vizuri. Landreneau ndiye mwenyekiti wa bodi ya hospitali ya wilaya yetu. Ndiye aliyesimama kwenye ukumbi wa shule wakati wa masika, akatuambia chumba cha dharura kinafungwa, hesabu zimekataa, hospitali nyingine si mbali. Ndiye huyo huyo anayechangisha ubao mpya wa magoli kwa ajili ya uwanja wa Kambare, na ubao hesabu zake zilikubali. Mwezi wa kumi Odalie alikuwa anaanika nguo akashika kifua. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, siwezi kuwasingizia vijana wale. Lilipita mbele ya hospitali yetu, taa zimezimwa, mnyororo getini, likaenda kuitafuta hiyo isiyo mbali. Mimi nilikaa mbele na dereva. Odalie alikata roho mahali fulani kati ya daraja na kinu cha mpunga. Landreneau alituma shada la maua.

"Sufuria nitaleta mimi," nikasema.

"Wewe unajua kupika?"

"Nimesema nitaleta."

Purvis akaigeuza kofia yake. "Sawa. Lakini hewani ni mpira tu, kaka. Si ndiyo? Mpira tu."

"Nitatabiri," nikamwambia, akaondoka.

Mpira haukuwa unanihusu tena. Ungeniambia chuo kimeungua ningeuliza saa ngapi tunakula. Nilitaka mambo mawili: makalio ya Landreneau yasiguse kiti cha Odalie, na yeye akae mbele yangu, wilaya nzima ikisikiliza, niseme mke wangu alikufaje. Basi.

Alhamisi asubuhi nikafungua friza. Odalie alikuwa akipika gumbo la bata bukini kila Januari, bata wanapokuwa wamenona kwa mpunga wetu. Mchuzi wake ni ule wa unga uliokaangwa mpaka ukawa mweusi, na soseji za moshi ndani. Uliobaki aliugandisha kwenye makopo ya aiskrimu. Nikachukua kopo la juu. Yakiwa barafu, makopo yote ni jiwe jeusi tu. Nikaliyeyusha kwenye sufuria yake ile yenye mkono uliovunjika, nikachemsha, nikakoroga. Sikuonja. Tangu mwezi wa kumi chakula mdomoni kwangu ni kama karatasi iliyolowa, na pua nayo imekufa. Kahawa naijua kwa joto lake.

Dukani walikuwa wameshajaa. Lester alikuwa amepika wali na kupanga mabakuli juu ya magunia ya chakula cha kuku. Landreneau alikuwapo, na sufuria yake mpya inang'aa, buti safi.

"Alcide," akasema. "Nimefurahi kuona umetoka nyumbani."

"Sikutoka kwa ajili yako."

Shangazi Ozite, ambaye ana umri mkubwa kuliko duka lenyewe na hula kabla ya wote, akanyoosha fimbo yake. "Ile ni sufuria ya Odalie. Whitney, mwanangu, hiyo yako irudishe kwenye gari."

"Shangazi, nimeamka alfajiri kuwawinda bata hawa."

"Na alfajiri utaamka tena, si kuna kesho? Irudishe."

Watu wakacheka. Landreneau naye akacheka, kwa sababu mtu wa namna ile anajua wapi pa kucheka. Akairudisha, akaja kukaa mstari wa mbele na bakuli lake kama wengine. Hapo ndipo nilipomtaka.

Nikakaa kwenye kiti. Mto wa Odalie ulikuwa bado umefungwa pale kwa kamba. Purvis akanisogezea maikrofoni.

"Wasikilizaji, tuko kwa Venable, na sufuria iko wazi. Mwaka huu kiti kina Mzee Alcide Guidry. Mzee, hawa Mabata unawaonaje?"

"Ni wakubwa," nikasema. "Wamelelewa kwa maziwa. Hawarushi mpira, wanaubeba katikati, hatua mbili, hatua tatu, mpaka usinzie. Ukisinzia wamefika."

"Na sisi?"

"Sisi hatuna kocha. Aliondoka baada ya mechi ya mwisho, kaenda chuo kikubwa, vijana wakaagwa kwa ujumbe wa simu. Alipokuwa anawatafuta, alikaa sebuleni kwa mama zao akala keki zao, akawaambia niachieni mwanenu."

"Kweli hiyo," mtu akasema nyuma. "Kwetu alikula keki nzima."

"Mrushaji wetu, Lacour, hachezi. Anatunza magoti yake kwa ajili ya timu za kulipwa. Simlaumu. Amemwona kocha, kajifunza. Atarusha yule mtoto wa fundi matrekta, Remy Quibodeaux, ambaye mwaka mzima kazi yake ni kushika ubao wa kuandikia."

"Anaushika vizuri lakini," Lester akasema, wakacheka.

"Kwa hiyo unaona hao wenye dhamana," nikaendelea, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu anayesoma bei za mbolea. "Wakati wa kuchangisha wapo. Wakati wa kupigwa picha wapo. Mechi ikifika, hawapo. Hospitali yetu ni hivyo hivyo."

Purvis akakohoa. "Mzee, tukirudi kwa Mabata..."

"Mke wangu alipita mbele ya hospitali yetu akiwa hai. Geti lina mnyororo. Aliyeufunga yupo hapa mbele yangu, anakula. Alisema nyingine si mbali. Odalie alifia kati ya daraja na kinu. Sasa mimi nauliza, si mbali kutoka wapi?"

Landreneau aliangalia bakuli lake. Niliwaona watu wakisita na vijiko, mmoja mmoja, na nikangoja. Sikujua nangoja nini. Labda mtu aseme ndiyo.

"Alcide," Shangazi Ozite akasema taratibu. Alikuwa ameshikilia kitu kati ya vidole viwili, anakitazama kwenye mwanga. "Huu ni mwiba."

"Mwiba wa nini, Shangazi?" Lester akauliza.

"Bata hana mwiba." Akaonja tena, akafumba macho. "Bwana wangu. Huyu ni kambare."

Hapo ndipo watu walipoamka.

"Kambare? Kabla ya mechi?"

"Mimi nimeshamaliza bakuli, mama yangu."

"Nilisema mimi, nilisema mbona laini hivi."

"Hukusema kitu, uliongeza."

"Tema, Lester. Tema."

"Niteme nini, kimeshafika chini."

Wengine walitoka nje kusukutua kwa kahawa. Mtu akasema aitwe padri, na hakuwa anatania. Watu walioniangalia nikitamka jina la mke wangu bila kupepesa jicho, sasa wananijia na mabakuli, wananionyesha nyama ya samaki kama polisi aliyepata ushahidi. Samaki alikuwa amepikwa akavunjikavunjika ndani ya mchuzi mweusi na soseji, ndiyo maana hakuna aliyejua mapema. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na sufuria kuliko wote na sikunusa kitu.

"Umetuuza, Alcide," mmoja wao akaniambia. "Tukifungwa ni wewe."

Landreneau akasimama. Aliweka bakuli chini kwa upole, akainama kwenye maikrofoni. "Tumwelewe mzee wetu," akasema. "Amefiwa. Mimi nina bata kwenye gari, bado wa moto."

Wakapiga makofi. Nasema ninachokijua. Walipiga makofi.

"Kaka," Purvis akanong'ona, "simama basi, mwache akae."

Sikusimama. Nikachukua upawa nikaonja, kwa mara ya kwanza tangu nilipoutoa kwenye friza. Nikasikia pilipili. Halafu, mbali kidogo, ganda la limau. Odalie hakutia limau kwenye bata, alitia kwenye kambare. Nikakumbuka. Mwezi wa tisa nilileta kambare wengi kutoka mferejini, akawapika, akasema, hili kopo ni lako, usiliguse mpaka mpira uishe. Aliwapika mlango umefungwa na madirisha yamefungwa, majirani wasinuse. Baada ya hilo hakupika kitu cha kuweka.

"Tumwage nje," mtu akasema, akashika mkono wa sufuria, ule uliobaki.

"Uachie," nikamwambia. Akauachia. Sijui aliona nini usoni kwangu, mimi sikuwa nasikia lolote.

"Basi tupe matokeo tumalize," Purvis akasema.

Kwenye maikrofoni nikasema, "Mabata thelathini na moja. Kambare kumi."

Kutoka kwenye kiti kile hakuna aliyewahi kusema hivyo. Shangazi Ozite akafanya ishara ya msalaba. Nikafunga kifuniko, nikabeba sufuria, wakanipisha. Nikiwa mlangoni nikasikia sauti ya Landreneau hewani, anasema tutashinda, na moyo wa wilaya hii haujawahi kushindwa.

Nilikula ule mchuzi Alhamisi, nikaula Ijumaa, asubuhi, mchana na jioni. Sikuwa na njaa. Nilitaka uishe kwangu. Jumamosi mchana nikapangusa sufuria kwa mkate, nikaosha kopo, nikaliweka juu ya kitambaa kando ya sinki. Televisheni sikuwasha. Nilikaa jikoni, na mechi niliijua kwa majirani: kwanza kimya kirefu, halafu mtu akatukana kwenye uwanja wake, halafu kimya tena. Jua lilipoinama nikasikia bunduki zinapigwa hewani na honi barabara nzima. Kambare walikuwa wameshinda. Yule mtoto wa fundi matrekta alirusha mpira wa mwisho akiwa ameshaangushwa nusu.

Jumatatu Purvis akaja. Safari hii alikaa, bila kuambiwa, akaweka kofia mezani.

"Kaka, hukusikia wanachosema watu? Wanasema ni ile sufuria. Tumekuwa tukila mpinzani miaka yote, kumbe tulitakiwa kula nguvu yetu wenyewe. Shangazi Ozite anasema aliuhisi ule mwiba ukimwambia kitu."

"Nilisema tutafungwa."

"Hilo wamesamehe. Mwakani kiti ni chako. Landreneau mwenyewe kasema. Kasema hata kambare atakutafutia yeye."

"Na yale mengine niliyosema?"

"Yapi?"

Nilimtazama. Hakuwa ananidanganya. Alikuwa anatafuta kweli, paji la uso limekunjamana, mtu mzima anajitahidi.

"Aa," akasema mwishoni. "Yale. Unajua, watu walikuwa wamechanganyikiwa na samaki." Akaangalia friza. "Kuna makopo mengine ya kambare?"

"Hakuna."

"Lakini si unajua alivyokuwa anapika?"

"Mimi nilikuwa naleta samaki tu."

Purvis akatikisa kichwa. Halafu akaliona lile kopo kando ya sinki, limeinamishwa juu ya kitambaa.

"Ndilo lenyewe? Lester anaweza kulitundika pale juu ya kiti. Watu wangependa kuliona."

Nikamwambia bado halijakauka.