Jibu la Komeo kwa Kete Nyeusi

Kwenye klabu yetu ya chesi wananiita Komeo, na sijawahi kulalamika, maana jina lenyewe nimelitolea jasho. Msimu ukianza, katibu huandika ubaoni jina la kila mwanachama na namna atakavyojibu akipewa kete nyeusi. Hulazimishwi kufuata, ila ukibadili utataniwa mpaka ukome. Miaka tisa jina langu limekaa na jibu lile lile: askari wa mbele ya mfalme hatua moja tu, halafu unajifungia nyuma ya askari wako na kungoja mwenzako achoke. Askofu mmoja anabaki ndani kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Raha hupati, lakini hufi haraka. Mimi ni fundi wa friji, kazi yangu ni kuhakikisha milango inashika, basi nilijiona nimepata ufunguzi wa mchezo wa saizi yangu.

Mke wangu aliucheka sana ufunguzi huo. Alikuwa mfamasia, tulijuana hapo hapo klabuni, naye alicheza kama anavyoongea, mbele kwa mbele.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," nilikuwa nikimwambia.

"Huo mshindo tutausikia lini, bwana?"

Miaka mitatu iliyopita mtoto wetu wa kiume alizaliwa akiwa ameshafariki. Mke wangu alirudi nyumbani akilia na kusema, akisema na kulia. Mimi nilirudi nikatengeneza bawaba za kabati. Kila alipomtaja mtoto, nilikumbuka friji ya jirani inayovuja. Niliamini mmoja wetu lazima asimame imara, nikajikaza kisabuni, na ujinga huo nikauita uanaume. Alivumilia miezi minane, akahama. Talaka ilifuata bila kelele, maana hata hapo sikusema kitu.

Tukagawana klabu. Yeye Alhamisi, mimi Jumamosi. Mpaka msimu huu, ratiba ya mechi za mwisho ilipotuweka meza moja, yeye nyeupe, mimi nyeusi.

Klabu yetu ina sharti moja ambalo wageni hulishangaa. Mchezo ukiisha, wachezaji wawili hukaa dakika kumi wakipitia hatua zao, na lazima waongee. Ukinyamaza, hupangiwi mechi tena. Kwa hiyo nilijua nitapata dakika kumi na mke wangu, dakika ambazo sikuwa nimezipata kwa miaka mitatu. Nilitaka kumwambia jambo moja: kwamba nilimpa mtoto jina.

Ndipo ufunguzi ukawa shida. Nikijifungia kama kawaida, tungecheza saa nne tutoke sare, na mimi ningekuwa nimeshakauka kinywa na moyo. Najijua. Kwa wiki mbili nikakaa na ubao mezani nikitafuta jibu jingine. Kuna lile la kumtuma askari wa mbele ya askofu wa malkia hatua mbili na kuanzisha vita upande ule. Hilo nikalikataa, sikuwa na ugomvi naye. Kuna la kumsogeza askari huyo huyo hatua moja, askofu akapata njia ya kutoka. Nikalicheza siku tatu, nikaona ni komeo lile lile, limepakwa rangi tu. Mwisho nikachagua jibu ambalo hata mtoto wa shule analijua: askari wa mfalme hatua mbili, akutane na wake katikati, uso kwa uso.

Siku yenyewe alisogeza askari wake, akabonyeza saa. Nikasogeza wangu hatua mbili. Alimtazama yule askari, akatazama ubao wa katibu ukutani, kisha akanitazama mimi. Nilicheza wazi, nikacheza vibaya, na kwenye hatua ya thelathini na moja nikamlaza mfalme wangu, nimekubali kushindwa.

Dakika kumi zikaanza.

"Hapa ungemtoa farasi kwanza," alisema.

"Kweli."

"Na huyu malkia ulimwahisha."

"Kweli."

Tulikula dakika sita hivyo. Nilijichukia.

"Nilimpa mtoto jina," nikasema.

Mkono wake ulisimama juu ya ubao. "Najua. Uliliandika kwenye daftari lako la michezo, mahali pa jina la mpinzani. Ukurasa wote hauna hatua hata moja."

"Uliliona lini?"

"Wiki ile ile ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uniambie wewe. Nilingoja miezi minane. Na mimi nilikuwa mama yake."

Nikalitamka lile jina. Sikuwahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Alifumba macho.

"Tena," alisema.

Nikalitamka tena. Alilia kidogo, nami nikalia, watu wa meza ya pili wakajifanya wanahesabu kete zao. Nilimwambia naomba niwe nakuja Alhamisi. Alifuta uso kwa kiganja, akaanza kurudisha kete mahali pake, zake kwanza, kisha zangu.

"Kuna mtu ananisubiri chini," alisema. "Mwezi ujao tunafunga ndoa. Nilitaka usikie kwangu."

Nikasema hongera. Nadhani nilisema. Akavaa koti, akashuka ngazi, na nilizisikiliza hatua zake mpaka mlango wa chini ulipofungwa.

Katibu alikuwa ameshafuta ubao, anaandika wa msimu mpya. Wengine wote alikuwa amewamaliza.

"Komeo, wewe nikuandikie lile lile?"

"Andika la leo."

"La leo si umepigwa nalo?"

"Najua," nikamwambia. "Andika."