Plagi za Mjomba Ramoswaane

Pikapu ilipanda mchanga wa Letlhakeng bila hata kukohoa, na Mjomba Ramoswaane akaipigapiga dashibodi kwa kiganja kama anayempongeza ng'ombe.

"Unaisikia? Hizo ndizo plagi zangu. Na wewe ulikuwa unaniletea ubishi."

"Naisikia, mjomba," alisema Oarabile, macho barabarani.

Alichokuwa anakisikia ni moyo wake mwenyewe. Plagi za mjomba, zile za boksi jekundu lililoandikwa Nkwe, zilikuwa chini ya kiti alichokalia mjomba. Kwenye injini zilikuwa zile zinazotajwa na kitabu cha gari, amezinunua Gaborone kwa kujificha. Angefanyaje? Jirani yake alifunga Nkwe, gari likaanza kumisi, linakatakata, siku ya pili, na plagi moja ikapasuka kigae. Lakini umwambie Ramoswaane kwamba bidhaa ya duka lake haifai, thubutu. Ndiye kaka pekee wa mama yake, na kwetu asiye na mjomba wa kumsemea haoi. Mzee alishatamka waziwazi: "Ukizikataa plagi zangu, katafute mjomba mwingine akakuposee."

Walifika kabla jua halijachomoza, kama inavyotakiwa. Mjomba na wazee wawili waliopanda nyuma wakaingia uani kwa kina Seneo, msichana waliyekuja kumposa. Oarabile akabaki kwenye usukani nje ya geti, kofia kaishusha usoni. Mwoaji hapaswi hata kuwepo siku ya posa. Alikuja kwa sababu tu hakukuwa na dereva mwingine. Na aliyekuja hivyo hana mdomo. Hata akiumwa na nge, anyamaze.

Wazee walitoka jua limeshakuwa kali, nyuso nzito. Baba yake Seneo, mzee Kelebonye, hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa anazungusha mambo ya kusubiri, labda mwakani. Na Seneo alishamwambia Oarabile kwamba mwaka huu ukipita hivi hivi, asimtafute tena.

Mzee Kelebonye akawafuata nje, akasimama mbele ya pikapu. "Niliisikia ikija. Inanguruma vizuri. Langu lile pale limenigomea, na ng'ombe wangu huko kambini wanangoja maji. Fundi anasema plagi."

"Plagi?" Mjomba akavimba kifua. "Mzee mwenzangu, plagi ninauza mimi. Hizo ulizozisikia ni zangu. Leo utapewa hizo hizo."

Oarabile akafungua mdomo. Mzee mmoja akamkazia jicho, akaufunga.

Boneti ya pikapu ikainuliwa. Mjomba akachukua spana na tambara, akaichomoa ya kwanza, akaigeuza. Jina la kiwanda kingine, si Nkwe, lilikuwa pale kwenye kigae cheupe, herufi nzima nzima. Akaduwaa. Kisha akamchungulia mpwa wake pembeni ya boneti, mara moja tu, akaifunika plagi kwa tambara na kuendelea kufungua zilizobaki.

Alizifunga mwenyewe kwenye gari la mzee Kelebonye, hakuruhusu mtu asogee. Likawaka papo hapo.

"Mtu mwenye bidhaa ya kweli namna hii hawezi kunidanganya kuhusu mpwa wake," mzee Kelebonye alisema huku anacheka. "Leteni ng'ombe wa mahari. Ila kila mwaka nataka plagi hizi hizi, na nazitaka kutoka mkononi mwako."

"Kila mwaka," alisema mjomba.

Wenyeji wakabaki wanalizunguka gari lao kwa furaha. Mjomba akarudi kwenye pikapu.

"Zangu ziko wapi?"

"Chini ya kiti chako, mjomba."

Akazifunga, wakaondoka. Walipoiacha lami, ndipo alipoongea.

"Kila mwaka utanunua hizo zako za kitabu, utalikwangua lile jina kwa msasa, utazitia kwenye boksi langu. Nitampelekea mkweo. Mpaka nife."

"Sawa, mjomba."

"Na hili gari lako litafungwa Nkwe. Mpaka nife."

"Sawa, mjomba."

Amempata Seneo, alipaswa kuimba. Lakini alijiona kafungiwa ndani na ufunguo anao mjomba, na mjomba mwenyewe alikuwa na afya ya kutosha kumzika yeye.

Kwenye mchanga mzito injini ikaanza kukata. Ikashika, ikakata tena, ikazima kabisa. Hakukuwa na gari lingine mbele wala nyuma. Mjomba alikuwa anatazama mbele kama vile bado wanakwenda.

"Mafuta ya siku hizi machafu," alisema.

"Machafu sana, mjomba."