Kamera ya Nyuma ya Gari la Maziwa

Jumatatu, tarehe 12 Februari 2024. Hapakuwa na wingu juu ya Garissa. Upepo wa kaskazini mashariki ulianza mapema, ukasukuma vumbi chini ya milango, na kufikia saa mbili usukani wa pikapu ulikuwa moto kiasi kwamba Ebla aliushika kwa ncha ya shali.

Kamati ya kuwahoji watu wanaotaka vitambulisho ilikaa mara moja kila baada ya miezi miwili, na leo ndiyo ilikuwa siku. Binti yake Ifrah alikuwa na miaka kumi na tisa na barua ya kuitwa chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka nambari ya kitambulisho kabla ya Ijumaa. Kompyuta ya serikali ilikuwa imemkataa mara tatu, kwa sababu alama za vidole vyake zilikuwa kwenye orodha ya wakimbizi.

Ebla mwenyewe ndiye aliyevipeleka vidole hivyo huko. Mwaka 2011 ng'ombe wao wote walikufa kule Bura, na kwenye kambi ya wakimbizi kulikuwa na unga. Watu wengi wa upande ule walifanya hivyo. Waliingia kwenye foleni, wakasema wametoka ng'ambo ya mpaka, wakapewa kadi. Hakuna aliyefikiri kwamba mashine ya vidole ingekumbuka muda mrefu kuliko njaa.

Pikapu ilikuwa ya mwaka themanini na tisa. Marehemu mumewe, Abdimalik, aliinunua kabla Ifrah hajazaliwa. Alipofariki, Ebla aliendelea kuleta maziwa ya ngamia kutoka Bura hadi Garissa, na kwa miaka minane alikuwa akiitengeneza pikapu hiyo kwa mikono yake. Aliongeza jani moja kwenye springi za nyuma, maana mitungi iliyojaa ilikuwa inaikalisha chini. Alikwangua kutu kwenye sakafu ya mizigo, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akatandika mpira wa matairi ya zamani ili mitungi isiteleze. Aliweka taa mpya zenye mwanga mweupe, na akazivutia waya mnene kutoka kwenye betri kupitia rilei, ili swichi ya zamani isiungue. Kabla ya kila kazi alisoma Bismillahi, na baada ya kila kazi alijaribu mara tatu.

Gelle, muuza vipuri, alimcheka kila alipokwenda dukani.

"Mama Ifrah, hii gari imezeeka, iache ipumzike. Wewe unaivalisha kama bibi harusi."

"Bibi harusi angetaka vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa. Umenionyesha mara ngapi? Nimevikataa."

"Kweli umevikataa," alisema Gelle. "Mwanamke mgumu, wallahi."

Kamera ya nyuma ilikuja mwezi wa Januari. Mitungi na turubai vilikuwa vikiziba kioo cha nyuma, na siku moja kule Bura Ebla alivunja mguu wa mbuzi wa watu akirudi nyuma. Alinunua kamera na skrini ndogo. Karatasi ya maelezo ilikuwa na michoro na Kiingereza. Ebla alikuwa mwaka wa pili katika darasa la ngumbaru la jioni, kwa hiyo alisoma michoro kwanza, kisha maneno, moja moja. Waya mwekundu aliuunga kwenye taa ya kurudi nyuma, mweusi kwenye bodi, na ule mrefu akaupitisha chini ya zulia hadi mbele. Ukitia gia ya nyuma, skrini inawaka. Ina mistari mitatu: kijani mbali, njano katikati, nyekundu karibu kabisa.

Alitia gia ya nyuma uani, akarudi hatua nane. Skrini haikuonyesha ua. Ilionyesha barabara ya Bura ikiwa chini ya maji, na mitungi yake mitatu ikielea karibu na mstari wa njano. Ilikuwa ni siku ile ya Novemba mafuriko yalipokata njia. Ebla alisema Alhamdulillahi, kwa sababu picha ilikuwa safi na waya zote zilikuwa zimeshika.

Siku zilizofuata alipima. Hatua moja nyuma ilikuwa siku kumi. Akisimama huku gia iko ndani, siku hiyo inaendelea kwenye skrini kama siku yoyote. Akitia gia ya mbele, yote yanafutika na hesabu inaanza upya. Darasani walikuwa wamefika kwenye kugawanya. Aliandika swali lake mwenyewe nyuma ya daftari, siku zote tangu foleni ile ya kambini hadi siku ya kamati zigawanywe kwa kumi, akalirudia mara mbili, na jibu likawa hatua mia nne hamsini na saba. Kutoka duka la Gelle hadi ndani ya uwanja wa ofisi ya usajili, karibu na ukuta wa nyuma, zilikuwa hatua mia nne hamsini na saba. Alilichukulia hilo kuwa jibu la dua: kamati ingeiona siku ile kwa macho yake.

Siku hiyo ya kamati, saa tatu asubuhi, aliligeuza gari mbele ya duka, kisogo kikielekea ofisini.

"Shida ni moja," alimwambia Ifrah. "Skrini itanionyesha miaka ya nyuma. Haitanionyesha nani yuko nyuma yangu leo."

"Nitapanda juu, Hooyo. Nikigonga bati mara moja, simama. Mara mbili, njia ni wazi."

"Na usigonge kwa hasira. Rangi ni mpya."

Ifrah alipanda, akashika vyuma vya turubai. Ebla alisoma Bismillahi na kutia gia. Bati likagongwa mara mbili.

Barabara ilikuwa na watu. Mikokoteni ya punda ilipita, na wenye pikipiki walipiga honi na kumuuliza kama amelala na kuamkia upande usiofaa. Kwenye skrini miaka ilikuwa ikienda. Mwaka 2021 ulipita karibu na kibanda cha miraa, mitungi na mavumbi tu. Kufikia nguzo ya simu, yapata mwaka 2016, Abdimalik alionekana akifunga mlango wa nyuma wa pikapu, amekonda, mkono mmoja tumboni. Ulikuwa mwezi wake wa mwisho. Ebla alitaka kusimama. Mguu wake ulienda kwenye breki na kukaa juu yake bila kukanyaga. Alimwombea rehema, akaendelea.

Bati likagongwa mara moja.

Alisimama. Hakuona kitu. Kwenye skrini palikuwa na ndama wa mwaka 2016 amelala kivulini.

"Lori la ng'ombe!" Ifrah alipiga kelele. "Limeziba njia yote!"

Dereva wa lori alitoa kichwa. "Mama, sogea mbele nipite!"

"Siwezi kwenda mbele," alisema Ebla.

"Gia imeharibika?"

"Gia ni nzima. Nikienda mbele nitampoteza binti yangu."

Dereva aliiangalia skrini kupitia dirishani, akamwangalia Ifrah juu, kisha ndama. "Haya," alisema. Alilirudisha lori lake hadi kwenye kichaka cha mathenge, miiba ikikwaruza ubavu mzima, akapisha. Ebla alimwombea na yeye. Kipimo cha joto la injini kilikuwa kimepanda hadi nusu. Gelle alikuwa amefunga duka na sasa alitembea kando ya gari na dumu la maji mkononi, akihesabu hatua kwa sauti kama muadhini aliyechoka.

Bati likagongwa mara mbili.

Waliingia langoni saa nne kasorobo. Foleni ilikuwa ndefu, kina mama na watoto wao wakubwa, na wote walivuta miguu yao wapishe. "Mia nne hamsini na saba," alisema Gelle. Bati likagongwa mara moja. Ukuta wa ofisi ulikuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye bampa.

Afisa Golicha alitoka na faili kwapani. Alikuwa mtu wa Wajir, mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani kabla ya kukataa jambo. Nyuma yake alikuja Mzee Sugow wa kamati, aliyekuwa na kidau cha wino wa muhuri.

"Mama, shuka tuzungumze," alisema Golicha.

"Samahani, afande. Mguu uko kwenye klachi. Ningezima, lakini betri ina miaka minne, siiamini."

Golicha alikubali sababu hiyo. Aliinama dirishani, na Mzee Sugow akaingia upande wa pili akakaa kitini.

"Hii ni tarehe ngapi?"

"Tisa Agosti, elfu mbili kumi na moja. Mwezi wa Ramadhani."

Kwenye skrini palikuwa na hema, meza, na foleni iliyopotelea kwenye vumbi. Abdimalik, mzima wa afya, alisimama kwenye mstari wa njano.

"Shati hilo nilimwazima mimi," alisema Mzee Sugow. "Hakulirudisha."

Ebla wa siku ile aliingia kwenye picha, amemshika mkono mtoto wa miaka sita. Mtoto alikuwa na sare ya chekechea ya Bura, na jina la shule lilisomeka kifuani. Golicha aliliandika kwenye faili. Watu wa foleni walikuwa wamejaa kwenye madirisha yote mawili.

"Hilo linasaidia," alisema Golicha. "Sasa hapo unaongea na karani. Unamwambia nini?"

Skrini haikuwa na sauti. Midomo ya Ebla kwenye picha ilikwenda, ikasimama. Ndani ya gari palikuwa na joto kali na harufu ya maziwa yaliyowahi kumwagika. Kipimo cha injini kilikuwa karibu na alama nyekundu, na Gelle alikuwa amefungua boneti akimwagia rejeta maji kutoka nje. Ebla alijua kwamba angeweza kusema: ninamwambia tumetoka Bura. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo aliyejua. Ifrah alikuwa juu, hasikii. Ijumaa ilikuwa siku nne mbele.

Alitikisa tasbihi iliyoning'inia kwenye kioo, akaituliza.

"Ninamwambia mtoto alizaliwa ng'ambo ya mpaka," alisema. "Nilikuwa nimefunga, na nilisema uongo."

Kina mama wawili wa foleni walitazama chini.

Kwenye skrini karani alichukua mkono wa mtoto, akaweka vidole vyake kwenye kioo cha mashine, vinne kwanza, kisha gumba. Mtoto alisimama ndani ya mstari mwekundu. Halafu Ebla wa siku ile alipiga magoti mbele yake, akamfuta vidole kwa shali, akamwambia kitu. Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Na hapo?" aliuliza Mzee Sugow.

"Namwambia hilo ni jina la unga tu. Tukifika nyumbani tutalifuta."

Golicha alivua miwani, akaifuta.

"Mama, faili linataka mahali pa kuzaliwa. Hapa umekiri kwamba ulidanganya kuhusu mahali pa kuzaliwa. Rudi nyuma hadi siku aliyozaliwa, niandike."

"Ni hatua mia mbili na arobaini zaidi. Nyuma yangu ni ukuta."

"Nauona. Ni wa serikali."

"Golicha," alisema Mzee Sugow, "huyu mtoto tunamjua. Nimekula harusi ya wazazi wake."

"Mzee, mimi nimeona. Nyote mmeona. Kompyuta haijaona, na haiwezi kutoka nje." Aliandika mistari miwili, akaisoma kwa sauti kama sheria inavyotaka: mama amekiri kutoa taarifa za uongo, ombi linasubiri. Mzee Sugow alishika kidau chake cha wino, akakirudisha mfukoni bila kukifungua. "Kikao kijacho ni baada ya Idi," alisema Golicha. "Njoo mapema, kabla ya foleni. Na upange njia yako vizuri."

Ifrah alikuwa ameinama juu ya paa la gari, na hayo ya mwisho aliyasikia. Hakulia. Aliitoa barua ya chuo kwenye mkoba, akaikunja mara nne, akairudisha.

Ebla alizima injini. Hakukuwa tena na haja ya kuilinda siku ile. Skrini ilibaki na mwanga kidogo, mtoto akiwa bado ndani ya mstari mwekundu, kisha betri ikafanya alichokuwa akihofia na picha ikazimika. Alishuka, akasimama pale ambapo watu wote wangemwona.

"Ifrah binti Abdimalik," alisema, "siku ile nilikuahidi na hakuna aliyesikia. Leo anasikia Mzee Sugow, anasikia Golicha, anasikia Gelle, na kina mama hawa wote. Baada ya Idi nitaanzia mbali zaidi, kule karibu na daraja, na nitaingia hapa kinyumenyume hadi asubuhi uliyozaliwa Bura. Na kama kompyuta itakuwa bado haijatoka nje, nitakuja kikao kitakachofuata, na kinachofuata hicho. Jina lako litafutwa kule na kuandikwa hapa. Wallahi, mbele ya mashahidi hawa."

Kina mama wakasema amina. Gelle alifunga boneti taratibu.

Juu ya gari, Ifrah alitazama ukuta uliokuwa umbali wa kiganja. Kisha akagonga bati mara mbili.