Kambini Sina Mtoto

Tuelewane kwanza: mimi si mtu wa wivu. Kaulizeni Kitahana nzima. Miaka tisa nimefundisha Shule ya Jumapili, na kila Juni, shule zikifungwa, ni mimi Loyce ninayepeleka watoto wetu kwenye kambi ya kanisa kule Kasulu. Hakuna aliyewahi kusema nina kijicho. Lakini huyu Rosa, jamani, alinikalia rohoni.

Rosa anauza dagaa sokoni Kibondo. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kazaliwa huku huku, Kiha anakiongea kama sisi, lafudhi tu ndiyo inamvuta kidogo. Mwaka huo wa 2013 alikuwa na miezi minne tu kanisani kwetu. Miezi minne. Mchungaji Nickson akasimama mbele ya ibada akatangaza kwamba safari hii mwalimu Loyce atasaidiwa na dada Rosa. Msaada sikuuomba. Nilipiga makofi kama wengine, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Sasa, mimi kambini nina sheria yangu, na watu wote wanaijua. Mwaka wa kwanza nilikwenda na kijana wangu mkubwa, tuliporudi mama mmoja akaeneza maneno kwamba mtoto wa mwalimu alikuwa anapewa nyama mbili wenzake wakila moja. Uongo mtupu. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikasema: kambini sina mtoto. Wote ni wangu na hakuna aliye wangu. Wa kwangu ataniita mwalimu kama wenzake, na akiteleza akaniita mama, anachota maji ndoo mbili za ziada. Watu walinisifu kwa hilo. Mchungaji hulisema mpaka leo.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya Epifania, kitinda mimba wangu, wakati huo ana miaka minane. Tulipanda Fuso lililokuwa limerudi kutoka kupeleka maharage, watoto thelathini na mmoja, magodoro, masufuria, gunia la unga, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Epifania akasahau. Akaniita, "Mama, nikae wapi?" Wenzake wakageuka. Nikamwambia mbele ya wote, "Ndoo mbili ukifika. Na ukae popote." Akaenda kukaa karibu na Rosa.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Rosa alikuwa amekaa juu ya gunia, kitenge kimefungwa ovyo, anacheka na kila mtoto, anawafundisha kupiga makofi ya salamu kwa zamu, mwakeye, mwakeye, mpaka lori zima likawa kama harusi. Mimi nilikuwa mbele na dereva, nageuka kila dakika kuchungulia kwenye kioo cha nyuma. Dereva akaniuliza, "Mwalimu, umesahau kitu?" Nikamwambia aangalie barabara.

Kambi ilikuwa kwenye shule ya msingi upande wa Nyakitonto. Asubuhi baridi ya kukata masikio, mchana jua. Mimi nilisimamia jiko na ratiba, Rosa akasimamia michezo. Mgawo mzuri huo, yeye apendwe, mimi ninuke moshi. Siku ya pili niko kwenye sufuria la maharage nikamwona Epifania anatoka kisimani anachechemea, goti linatoka damu. Aliniona. Najua aliniona, macho yetu yalikutana. Nikashika mwiko nikamsubiri. Akanipita, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya kibaraza alipokuwa Rosa, na nikamsikia Rosa anambembeleza, "Hora, mwana wanje, hora."

Mwana wanje. Mwanangu. Nani kakuzalia?

Jioni goti lilikuwa limefungwa kipande cha kitenge cha Rosa, amekichana kwenye pindo. Mtu anachana nguo yake ili aonekane. Nilikaribia kwenda kukifungua nifunge changu, nikajizuia, maana wangesema nampendelea mtoto wangu.

Sasa, kambi yetu ina desturi moja. Jumamosi alasiri, kabla ya siku ya kurudi, watu wazima tunakaa kwenye madawati uwanjani, tumevua viatu, na kila mtoto anachukua maji akamwoshe miguu mtu mmoja tu, yule aliyemfaa zaidi kambini. Miaka yote hiyo foleni yangu ilikuwa ndefu kuliko zote. Na mwaka huo nilikuwa nataka miguu miwili tu ya Epifania ije upande wangu, basi. Wengine wangeenda wanakotaka. Ijumaa nilisugua visigino kwa jiwe kule kisimani mpaka vikawasha. Nikapaka mafuta. Mtu mzima mimi.

Rosa alikaa dawati la pili kutoka kwangu, miguu yake imepasuka kama shamba la kiangazi, hata haya hana.

Kwangu walikuja watoto wanne. Mmoja ni Castory, ambaye nilikuwa nimemwadhibu mara tatu wiki ile, nadhani aliogopa ya nne. Foleni nyingine yote ikaelekea kwa Rosa. Halafu nikamwona Epifania anakuja na beseni la njano. Beseni langu, nililonunua mwenyewe Kibondo. Nikanyoosha miguu. Akafika mbele yangu, akainamisha kichwa, akanipita. Akapiga magoti kwa Rosa, lile goti bovu akiliweka kwa uangalifu.

Nilikaa pale na miguu yangu imenyooshwa, inang'aa mafuta.

Ibada ilipokwisha nilimfuata Rosa nyuma ya madarasa. Sikumsalimu. Nikamuuliza, "Umempa nini mwanangu?"

Akaanika kitenge chake kwanza, taratibu. "Dada Loyce, sijampa kitu. Nilimwambia beseni hilo mpelekee mama yako. Akaniambia huku hana mama, na kwamba akikuosha wewe watu watasema anapendelewa, na mwalimu atapata aibu."



"Na goti je?" nikasema. "Kwa nini lilikuja kwako?"

"Kwa sababu kwako lingekuwa na ndoo mbili," akasema Rosa. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Kila jioni ananiuliza Jumapili imebaki siku ngapi. Mimi namhesabia tu."

Ningemshukuru, mtu mwema angemshukuru. Mimi nilimwambia kitenge chake kinaning'inia vibaya, nikaondoka.

Jumapili tulifika Kitahana jua likiwa bado juu. Wazazi walijaa kanisani wanashusha magodoro, wanahesabu watoto wao, wanapigiana makofi ya salamu. Nilimtafuta Epifania, nikamkuta kasimama kando na beseni letu la njano kifuani.

"Kambi imeisha," nikamwambia. "Sasa ni mama."

"Ego, mwalimu," akaitikia, ndiyo mwalimu.

Nikadhani hakusikia. Nikarudia. Akanisogelea akaninong'oneza, "Watu bado wapo."

Basi nikachuchumaa. Pale pale mbele ya Mchungaji na mbele ya yule mama wa nyama mbili, nikageuza mgongo, nikamwambia panda, goti linauma, nikubebe mpaka nyumbani. Hakupanda. Watu walianza kutuangalia. Wakabeba vitu vyao, wakaaga, wakaondoka mmoja mmoja, na mimi nimechuchumaa, mgongo uko wazi, magoti yanawaka.

Wa mwisho kuondoka alikuwa Rosa. Alipopotea kwenye kona ya njia ya sokoni, ndipo niliposikia beseni linawekwa chini, na mikono miwili ikanishika shingoni.